Kuikimbiza Mashine ya Rusul

Nasiriya, 6 Machi 2010

Kwa mdogo wangu Chasib, Abu Laith, Baghdad.

Assalamu alaikum. Mimi kaka yako Mutashar nina miaka sabini na sita na macho yangu bado yanasoma namba bila miwani. Nimeishi nikawapita wafalme, marais, vita nisivyovihesabu tena, mafuriko ya Furati, vikwazo, mke wangu na mwanangu Hatim, Mungu awarehemu, na injini nne za Kiingereza ambazo wauzaji waliapa kwamba hazifi. Kwa hiyo usidhani utanitisha na kompyuta ya mtoto wako.

Hatujambo. Barabara yetu imechimbwa tena na wenye mabomba wamekimbia. Jenereta yangu inawasha mtaa mzima kila umeme wa serikali unapokatika, na hakuna anayelalamika, ila Um Ghazwan wa mlango wa pili ambaye analipia umeme wa ampea tatu tu na anataka kupikia, kufulia na kupigia pasi. Mpe pole Nadhima kwa goti lake. Apake mafuta ya ufuta.

Sasa jambo lenyewe. Nimesikia umempigia simu Rusul. Unajua masikio yangu yameliwa na injini, simu kwangu ni kelele tu, ndiyo maana unapita hapohapo kando ya sikio langu kuzungumza na mjukuu wangu kama mwizi anayepita nyuma ya mlinzi aliyelala. Mimi sijalala. Msichana ameniambia mwenyewe: "Babu, Babu Chasib anasema niende Baghdad nikafanyie kazi kwao, mashine ya Laith inapika filamu kwa saa moja, yetu inapika usiku kucha."

Wewe uko mbali hujui huyu mtoto amekuwa nani hapa mjini. Mama yake alipoolewa tena nilimlea kwa mikono hii. Leo hakuna karamu ya harusi ya wanawake inayofanyika bila Rusul na kamera yake. Akina mama wanavua abaya, wanacheza, wanaachia nywele, na wanajua kwamba filamu haiendi dukani kwa wanaume. Anaikatakata na kuiunga hapa chumbani, anaweka muziki na maua, halafu kompyuta inakaa kuipika iwe kitu kimoja cha kutia kwenye diski. Hapo kwenye kupika ndipo tunapochelewa. Hapo tu.

Mwanao Laith ana duka mtaa wa kompyuta. Nimesikia kwa wauza simu wa hapa kwamba ile prosesa, ambayo ndiyo injini ya kompyuta, inaweza kukimbizwa kupita kasi iliyotoka nayo kiwandani. Nilijua tangu zamani. Injini yoyote ina skrubu ya kasi na kiwanda huifunga chini kwa woga. Niandikie jinsi ya kuifungua. Usifiche kitu. Barua mpe dereva Abu Tahsin, si posta.

Kaka yako mkubwa,
Mutashar


Baghdad, 21 Machi 2010

Kaka mkubwa Abu Hatim, wa alaikum salaam.

Barua yako nimeipokea kwa mkono wa Abu Tahsin, ikinuka dizeli kama mwandishi wake. Nadhima anakusalimu, goti lilipoa kisha likarudi. Hapa mvua mbili tu mwaka huu. Nimestaafu sawasawa sasa, ofisi ya simu hata haijui nilikuwa nani, nakaa uani nasoma gazeti hadi matangazo ya vifo.

Kuhusu Rusul, sikupita nyuma ya mtu. Nilimpigia kumpongeza sikukuu, tukazungumza. Nyumba yetu ni kubwa, mashine ipo, Nadhima yupo wa kukaa na funguo za chumba ili filamu za watu zisionwe. Nilidhani nasaidia.

Kuhusu prosesa. Inawezekana. Laith husema kwa mtu anayeanza haifai, nami naandika maneno yake jinsi alivyonieleza. Unachopata ni kidogo, kazi ya saa kumi inakuwa saa tisa. Unachotoa ni joto, na joto ndilo linalokula kila kitu mle ndani. Tena hasara yake haisemi. Gari likizidiwa linapiga kelele, prosesa ikizidiwa inakosea hesabu kimyakimya, na wewe unaendelea kuiamini. Kwa anayeanza, Laith husema, toa vumbi kwanza, badilisha ile dawa nyeupe kati ya prosesa na feni yake, ongeza kadi za kumbukumbu kama kuna nafasi. Hayo yanatosha.

Lakini najua ninayemwandikia, kwa hiyo haya. Mashine ikianza kuamka, kabla picha haijaja, bonyeza kitufe cha Del mfululizo. Utaona ukurasa wa bluu. Tafuta namba 266, ndiyo kasi ya kiwandani. Ipandishe hadi 272, basi, washa, iache ifanye kazi ngumu usiku mzima. Ikivumilia, siku nyingine 278. Usipite 280 kwa feni ile iliyokuja nayo. Ukiona sehemu ya volti, usiiguse. Na uliyoyafanya mwezi wa tatu yapime tena mwezi wa sita, kwa sababu Nasiriya ya mwezi wa tatu na Nasiriya ya mwezi wa sita si mji mmoja.

Mwambie Rusul mlango uko wazi.

Mdogo wako,
Chasib


Nasiriya, 17 Aprili 2010

Kwa Abu Laith.

Salamu nyingi. Sisi wazima. Mabomba bado. Um Ghazwan amenunua friji la pili na anasema ni dogo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, si kwa sababu sijui kusoma. Kuandika nilijifunza ukubwani kwa amri ya serikali, lakini kumsoma ndugu yangu nilijifunza ukiwa hujaota meno. 272! 278! Unanipimia kasi kwa kijiko cha dawa ya kikohozi. Nikajiuliza, kwa nini mtu ambaye mashine yake ina mbio anamwambia mwenzake atembee? Jibu nikalipata hapohapo. Unataka yangu ibaki nyuma ya yako ili msichana afunge mizigo.

Rusul alikuwa mji wa Shatra kwenye harusi. Nikafunga mlango, nikabonyeza Del, ukurasa wa bluu ukaja kama ulivyosema, hapo hukudanganya. Nikaweka 340. Ikagoma kuwaka. Nikafanya ninachofanya kwa injini inayokataa mzigo: nikaiongezea chakula. Ile volti uliyonikataza ndiyo nikaipandisha. Ikawaka! Inakimbia kama mbuzi aliyeona kisu. Nimeendesha injini tangu kabla hujazaliwa, Chasib. Pampu ya shamba la mzee Shnawa, iliyoandikwa mizunguko mia sita kwa dakika, niliiendesha mia saba na hamsini misimu mitatu.

Rusul aliporudi akaanza kupika filamu baada ya sala ya isha, na kabla ya adhana ya alfajiri imekwisha. Akaja amesimama mlangoni.

"Babu, imekuwaje hii leo?"

"Umeme wangu ni msafi," nikamwambia.

"Mbona jana ulikuwa umeme huohuo?"

"Jana nilikuwa sijakasirika."

Akacheka. Hakunisumbua na maswali mengine. Sikumwambia zaidi, na wewe usimwambie. Tangu siku hiyo hajataja Baghdad hata mara moja. Nimeona nikujulishe.

Mutashar


Baghdad, 9 Mei 2010

Kaka mkubwa, salaam.

Sisi wazima. Nimekaa na barua yako bila kujibu, Abu Tahsin amepita mara mbili nikajifanya nimelala.

Hongera. Umepata ulichotaka.

340 pamoja na volti ni wazimu, na sisemi kwa wivu. Au sawa, andika kwamba ni kwa wivu, lakini irudishe. Pampu ya Shnawa ilikuwa imekaa ndani ya maji ya mto, hiyo yako imekaa chumbani. Ilipimwa usiku mzima? Ilipimwa kwa joto? Kupika filamu moja siyo kupima. Na nakuomba kwa jina la mama yetu, joto likija usiiweke mbele ya feni ya maji. Najua mawazo yako. Utasema kinachompoza mtu kitaipoza na mashine. Upepo unaopita kwenye majani yaliyolowa ya feni hiyo unabeba unyevu, na maji ya kwenu yana chumvi. Ubao wa mle ndani haupendi hata kimoja.

Unauliza habari za Laith? Hukuuliza. Hajambo.

Hapa kila ukipita jioni unasikia watoto wa jirani tu.

Chasib


Nasiriya, 2 Julai 2010

Kwa Abu Laith, salamu.

Joto ni kali, ndege wanatembea kwa miguu. Watu wameingia barabarani kwa ajili ya umeme, mimi jenereta yangu haijazima ila kwa kubadilisha mafuta. Nimeuza ampea hadi mtaa wa nyuma. Mtu mmoja amenisifu mbele ya msikiti. Nimechinja jogoo. Mtende wa uani mwaka huu umezaa sana. Goti la Nadhima?

Kila kitu kiko sawa.

Nina jirani, humjui, ana kompyuta. Aliikimbiza kidogo kwa ushauri wa watu. Sasa anataka kujua: kama filamu imepikwa ikaisha bila kulalamika, halafu ukiitazama uso wa mtu unakatika viraka vya kijani, na sauti inaruka, je, dawa yake nini? Na kama kabla ya hapo mtu alikuwa ameifungua ubavu, akaielekezea feni ya maji wiki nzima kwa nia njema, na sasa haiamki kabisa, na ubao wake una unga mweupe kama chumvi, je, huo unga unafutwa kwa kitu gani? Alijaribu siki.

Jirani huyu ana haraka. Nijibu upesi. Usimpigie simu mtu yeyote hapa kwangu.

Mutashar


Baghdad, 10 Julai 2010

Kaka mkubwa,

Mwambie jirani yako ubao umekufa, na siki imeuosha tu kwa ajili ya mazishi.

Rusul alinipigia yeye mwenyewe kabla barua yako haijafika. Alilia, kisha akanieleza yote. Kwamba filamu iliyoharibika ni ya harusi ya binti wa Um Sarmad, na kwamba diski zilichezwa mbele ya wanawake hamsini wa ukoo, na uso wa bibi harusi ukawa vigae vya bafuni hadi kwenye kukata keki. Kwamba Um Sarmad alikuja mlangoni kwako akapiga kelele hadi ukamsikia hata wewe. Namshukuru Mungu kanda za kamera bado anazo, filamu inaweza kuungwa na kupikwa upya. Lakini Um Sarmad amempa muda hadi Ramadhani, na wenye harusi nyingine wanasubiri kuona atafanya nini kabla ya kumwita tena. Mjini kwenu hakuna mashine nyingine isiyokuwa kwenye duka la wanaume. Hayo unayajua. Naandika ili ujue kwamba nayajua.

Sasa nikuambie langu, kwa sababu kalamu ishaingia kwenye wino. Laith hayupo. Tangu majira ya baridi yuko Malmo, Uswidi, kwa shemeji zake, duka amemwachia mshirika. Yale maneno ya prosesa niliyokuandikia alinieleza zamani, akiwa hapa mezani, akila. Mashine yake nimeifunika kitambaa. Nadhima anaifuta vumbi kila Alhamisi ingawa hakuna anayeiwasha.

Unasema nataka kukuibia. Ndiyo, nataka. Wewe kila siku kuna mtu anayekuuliza mlangoni "Babu, imekuwaje?" na unamjibu upuuzi naye anacheka. Barua yako ya mwezi wa nne niliisoma hadi hapo, nikaifunga, sikuweza kujibu. Miaka yote umekuwa na hayo, na hukuona ni kitu, ukajisifu kwa pampu.

Mlete. Nadhima atakaa na funguo, mimi nitalala uani. Mashine iko kwenye kasi ya kiwandani na itabaki hapo.

Chasib


Nasiriya, 24 Julai 2010

Kwa mdogo wangu Chasib.

Barua hii haiji mkononi mwa Abu Tahsin, inaletwa na Rusul mwenyewe, naye ameahidi kutoifungua. Ninaandika huku anafunga kanda zake ndani ya mablanketi, mafundo mengi kuliko mzigo.

Nadhima salamu. Laith ukimwandikia mpe salamu, mwambie shangazi zake huku hawajui yuko wapi, na mimi sijawaambia.

Nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu wewe umesikia upande mmoja. Joto lilipoanza mashine ikawa inazima katikati ya kazi. Rusul akadhani ni jenereta. Akaniambia kwa adabu, "Babu, labda umeme unayumba." Umeme wangu unayumba! Nikakasirika, nikaenda kuikaza injini mbele yake. Ningesema wakati ule, Chasib, ningesema nimeweka 340, angeirudisha kwa kidole kimoja. Lakini ungekuwa umeshinda wewe. Nikanyamaza, nikaileta feni ya maji, upepo ukawa mzuri sana, mashine ikaacha kuzima, nikakaa pale nikafurahi kama nimempoza mgonjwa. Kumbe ilikuwa haizimi lakini inakosea. Hapo ndipo ilipopika ile ya Um Sarmad.

Siku ya Um Sarmad sitaieleza yote. Alisimama mlangoni, "Abu Hatim, binti yangu anaolewa mara moja! Mara moja! Umemgeuza zulia!" Na Rusul nyuma yangu anamwambia, "Mama, kosa ni langu, nisamehe." Kosa lake! Sikuvumilia. Nikageuka nikamwambia mbele ya yule mama na mbele ya Um Ghazwan aliyekuja kusikiliza: namba niliipandisha mimi. Nikawaambia hadi volti.

Rusul hakupiga kelele. Ningependa apige. Aliniuliza tu, "Kwa nini, Babu?"

Nikasema, "Ili usiende kwa Chasib."

Um Sarmad akashusha mkono aliokuwa akininyooshea.

Rusul akakaa kwenye kizingiti. Akasema, "Mimi nilishamkatalia Babu Chasib mwezi wa pili. Nilikuambia amenialika, sikukuambia naenda. Filamu ikipikwa usiku kucha mimi si nakuwa nimelala? Ilikuwa inanidhuru nini?"

Ndiyo hivyo. Alikuwa ameshaamua kukaa kwangu. Kabla hata sijakuandikia barua ya kwanza alikuwa ameshakaa. Sasa anaondoka kwa sababu ya mkono wangu, na hakuna wa kumlaumu hapa ila wewe, na wewe lawama zako nilishazimaliza mapema mno.

Kwa hiyo ukiulizwa na mtu yeyote anayeanza kama inafaa kuikimbiza prosesa, usimpe maneno ya Laith. Mpe yangu, mimi ndiye niliyeifanya. Mwambie haifai. Mwambie kwanza amuulize mwenye mashine kama ana haraka.

Masharti yangu. Chai yake ni na hiliki, bila maziwa. Akifanya kazi asiitwe kula, apelekewe. Usimtolee hadithi zako za ofisi ya simu, atacheka kwa adabu na wewe utadhani anafurahi. Anaweza kukuita babu, nimejaribu kumkataza akaniambia niache utoto. Lakini wewe usimwite mjukuu wangu. Mwite Rusul. Filamu ikiisha kabla ya Ramadhani, diski zije na yeye. Akitaka kubaki kwa harusi za baada ya Idi, aniandikie yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake, si wewe kwa niaba yake. Mwandiko wake naujua, nilijifunza kuandika vizuri kwa kumsimamia akiandika ya shule.

Chumba chake sitampangisha mtu, Um Ghazwan ameshauliza.

Gari la Abu Tahsin limekuja na kuondoka; ukurasa huu wa mwisho nimeuandika baada ya hapo, atakuletea safari ijayo. Mzigo nimeubeba mwenyewe hadi nyuma ya gari, bila kupumzika, na nimesimama wima mpaka likapita kona. Huenda msichana akakuambia kwamba nililia. Jasho hilo, tena la Julai, na moshi wa jenereta ulikuwa unaelekea upande wangu. Usipoamini muulize Abu Tahsin, alikuwa anaangalia kwenye kioo, na muulize Um Ghazwan aliyemwaga maji nyuma ya gari ili arudi salama, akanimwagia nusu yake usoni. Wote wawili wataapa.

Mutashar